Maji Hayajatulia

Mimi maji nayajua. Niwekee karai mbele yangu, nichovye kidole tu, nitakwambia yamelala siku ngapi na aliyeyachota alikuwa na hasira au hakuwa nayo. Walionisadiki zamani walikuwa wengi, mpaka siku nilipokunywa bilauri ya maji yaliyolowekwa meno ya bandia ya marehemu mume wangu, nikayasifu kuwa ni maji matamu ya mvua. Basi nisadikini nusu. Nusu yenyewe ni hii, na chumvi niliyotia ndani yake ni ya kukolezea tu.

Alfajiri ile mtunza bustani alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa bwawa, kidevu karibu kugusa maji, akihesabu midomo.

Midomo tisa. Ilijipanga juu ya maji kama vifungo vya koti, ikifunguka na kufumba, ikifunguka na kufumba, bila sauti. Samaki mzima hana haja ya kuja juu kuomba hewa, maana hewa yake imo majini. Hawa walikuwa wameinua nyuso kama watu waliofungiwa chumba kisicho na dirisha, na yule mkubwa wao, wa rangi ya chungwa, mwenye doa jeusi juu ya jicho, alikuwa amelalia ubavu kidogo.

"Jamani," mtunza bustani alisema. "Jamani, nimefanya nini?"

Maji hayakuwa ya kijani tena. Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema, na hiyo hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Wiki mbili nzima yalikuwa ya kijani kizito, utadhani mtu ameloweka humo sare za kikosi kizima. Sasa, kwa usiku mmoja, ukoga wote, ule utelezi unaoota majini kama ndevu na kung'ang'ania mawe, ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, unakatikakatika na kuelea vipandevipande. Ulikuwa umekufa. Na vitu vikifa vingi kwa pamoja ndani ya maji, hula hewa ya waliobaki hai. Hilo mtunza bustani hakulisoma kwenye kitabu chochote. Alilisoma kwenye midomo ile tisa.

Sisi majirani humwita Ndoo. Miaka ishirini na sita iliyopita mwenye nyumba ile, Mungu amrehemu, alichimba bwawa lile kwa mikono yake mwenyewe nyuma ya jiko, na huyu akawa anabeba udongo kwa ndoo. Tangu siku hizo hajaonekana mikono mitupu. Jina alilopewa na mama yake linajulikana na mkewe na kitambulisho chake, na mkewe hulitumia akikasirika tu. Bwawa lenyewe si la kutisha: hatua kumi na nne kulizunguka, kina cha mapajani, upande mmoja ukuta wa jiko, upande mwingine mawaridi. Lakini ndilo lililomweka Ndoo na mkewe katika kile chumba cha uani muda wote huo, na leo, saa kumi jioni, ingeamuliwa kama linabaki au linafukiwa.

Jambo lilikuwa hivi. Mjane wa marehemu, ambaye kila mtu humwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha mtaa mzima kusoma, macho yalikuwa yamemwingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Miezi mitatu nyuma alitoka asubuhi kuwasalimu samaki wake, akakanyaga jiwe lenye ukoga, akaanguka. Mwanawe, mhandisi wa barabara, alipopata habari alikuja na hasira za mtu aliyeogopa. Akasema kidimbwi hiki kitafukiwa, nitamwaga kifusi, nitasakafia, mama utaanika nguo hapo. Mama akasema hanifukii mtu bwawa nikiwa hai. Wakavutana wiki nzima. Mwisho Mwalimu akatoa neno lake: "Nitatengeneza macho. Nikirudi nitasimama hapa ukingoni. Nikiziona kokoto za chini, linabaki. Nisipoziona, lete kifusi chako, sitasema neno." Wakapeana mikono, mama na mwana, kama wauza ng'ombe.

Na bwawa likifukiwa, Ndoo wa nini? Mawaridi na nyasi vinamtaka kijana wa kukodi, aje Jumamosi na mashine yake, saa nne awe ameondoka. Mhandisi alikuwa amelisema hilo kwa adabu, akitazama pembeni.

Mlango wa chumba cha uani ulilia. Mke wa Ndoo, ambaye ndiye mpishi na ndiye mfuaji wa nyumba ile, alitoka akifunga kitambaa kichwani.

"Baba watoto, unasali au umepoteza kitu?"

"Njoo uone."

Alikuja, akaona. Kicheko kilichokuwa njiani kikageuka.

"Umewapa nini?"

"Sikuwapa wao. Niliupa ukoga."

"Uliupa nini?"

Ndoo akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa. Kwenye mikunjo mlikuwa mmebaki unga wa buluu. Mrututu, ule ambao watu zamani walipaka vidonda, na wakulima huunyunyizia mimea dhidi ya ukungu. Jana mchana alikuwa ameona siku zimekwisha. Alikuwa ameuzungusha ukoga kwenye fimbo kama uzi wa kusuka, akautoa ndoo baada ya ndoo, kesho yake umeota tena. Alikuwa ametoa maji na kuongeza ya bomba, ukashukuru na kunenepa. Ndipo alipokwenda kwa muuza dawa za kilimo kule sokoni.

"Akaniuliza bwawa linachukua maji kiasi gani. Nikamwambia ndoo mia tatu. Nilikuwa na hakika, mwenyewe nililijaza. Akapiga hesabu, akanipimia."

"Ndoo mia tatu." Mkewe aliitazama ndoo iliyokuwa kando ya goti lake, ile ya bati, yenye mpini uliofungwa mpira. "Ndoo zipi?"

"Hii. Nina nyingine?"

Mwanamke aliinua ile ndoo kwa kidole kimoja, akaishusha pale pale. Akaongea polepole, na ukimjua unajua kuwa hiyo ni hatari.

"Mume wangu. Mtu yeyote duniani akisikia ndoo anajua ndoo ya lita ishirini. Hii yako ni ya kumi. Mimi nafulia nayo ukiiacha, sabuni ya ndoo moja nagawa mara mbili. Umekaa na hii ndoo miaka ishirini na sita, wamekupa na jina lake, hujui ina lita ngapi?"

Ndoo alikuwa akipiga hesabu, naye hesabu zake ni za kutembeza midomo. Dawa ya bwawa mara mbili ya hili. Ameitia yote. Alikuwa amekung'uta na karatasi.

Simu ikalia kifuani mwake.

Walijua wote ni nani. Kila siku saa moja asubuhi, tangu alipokwenda kwa mwanawe karibu na hospitali, Mwalimu alipiga. Na kila siku kwa wiki mbili Ndoo alikuwa amemdanganya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo natoka, Ndoo. Jana wamefungua na jicho la pili. Nimeona nzi ukutani, nikafurahi kama nimeona mgeni. Maji yangu yakoje?"

Ndoo alifumba macho. "Kama kioo, Mwalimu."

"Na Mkaguzi?" Huyo ndiye yule samaki mkubwa. Alimpa jina hilo kwa sababu huzunguka kingo zote kila asubuhi akitafuta makosa.

"Yupo. Yupo hapa juu, anatazama."

"Anakutazama wewe?"

"Ananitazama sana, Mwalimu."

"Mbona unahema?"

"Nafagia."

Simu ilipokatika mkewe alikuwa amejishika kiuno. "Kama kioo," alisema. "Kioo cha msiba, kimefunikwa shuka. Wewe unamjua yule mama. Darasani kwake mtoto akidanganya hapigwi. Anasimamishwa mbele aurudie uongo wake, aurudie, aurudie, mpaka uongo wenyewe uone aibu. Wewe utaurudia mara ngapi?"

"Nilitaka mawaridi yachanue akija," Ndoo alisema.

"Mawaridi yameingiaje hapa?"

Hapo ndipo lilipotoka lililokuwa limekaa kooni wiki mbili. Mwalimu alipoondoka, Ndoo aliyapa mawaridi mbolea ya kuku, ya kutosha, tena akazidisha, ili macho mapya yapate cha kuona. Kitalu kimeinama kuelekea bwawani. Mvua ikanyesha siku mbili. Mbolea yote ikateremka majini, na ukoga, ambao hula kile linachokula waridi ila kwa pupa zaidi, ukafanya karamu. Mawaridi yalichanua mawili.

Mkewe aliyatazama yale mawili. Akasema tu, "Wanataka hewa. Fanya kitu."

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja. Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na mapipa matatu ya maji ya mvua. Ndoo akaanza kutoa maji ya bwawa na kuyamwaga kwenye mtaro, mbali na mawaridi, kisha anachota pipani, anapanda juu ya jiwe, anainua ndoo hadi usawa wa kichwa na kuyamimina kutoka juu, yaanguke kwa kishindo, yapige povu. Maji yakianguka hubeba hewa. Alimimina kumi, alimimina thelathini. Kwenye ya arobaini mdomo mmoja ukazama. Kisha wa pili. Samaki wadogo walishuka kwanza, wakakaa pale maji yanapoangukia, wakipunga mikia.

Saa nne akaketi kupumzika. Hapo akaona jambo, akatamani asingeliona.

Bwawa lilipotulia, tope na vipande vya ukoga mfu vilianza kuzama. Polepole, kama chai inavyoacha majani chini. Upande wa jikoni maji yalianza kupauka, yakapauka zaidi, na kule chini, hafifu, kokoto tatu nyeupe zikatokea. Lakini bwawa lilipotulia, midomo nayo ilirudi juu. Mitano. Saba.

Akainuka, akamimina. Midomo ikazama. Tope likapanda. Kokoto zikapotea.

Akaketi. Kokoto zikaja, midomo ikaja.

"Umeona?" Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Alikuwa ameona zamani. "Ukiliacha hivi mpaka saa kumi, utahesabu kokoto moja moja. Atasimama pale, ataziona, basi. Tumebaki."

"Na samaki?"

"Tutamwambia wamelala."

"Wote tisa?"

"Ni wazee. Wazee hulala mchana."

Ndoo alicheka kwa pua, na machozi yakamtoka kidogo, akayafuta kwa bega. Mkewe hakucheka.

"Sikiliza. Mimi natania, lakini sitanii. Chumba kile nimezalia watoto watatu. Nikigusa ukuta gizani najua nimefika wapi. Samaki wananunuliwa. Wewe na mimi kwa umri huu, nani atatuajiri? Ukimimina, maji hayatatulia. Yasipotulia, yule kijana anamwaga kifusi, na samaki hao hao unaowahangaikia watakufa chini ya mawe. Umefikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria. Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimkera. Akamtazama Mkaguzi. Samaki yule alikuwa kona ya mawaridi, jicho moja nje ya maji, mdomo ukifanya kazi. Hakuwa akimlaumu mtu. Alikuwa akivuta, basi.

Ndoo akashika mpini.

"Haya," mkewe alisema, na akaliita lile jina lake la kuzaliwa, lote, na la baba yake. Akaingia ndani. Sufuria zikasikika zikipigizwa. Ndoo akamimina ya tano, ya sita. Aliposikia hatua nyuma yake hakugeuka, alidhani anakuja kuaga. Maji mazito yakaanguka kando yake kwa kishindo, yakamlowesha mpaka masikio.

Mwanamke alikuwa amekuja na ndoo ya kufulia. Ya lita ishirini.

"Hii ndiyo ndoo," alisema. "Tazama ujifunze."

Saa nane lori lilifika. Lilijisogeza kinyumenyume hadi langoni, likakaa pale na injini ikinguruma, na rundo la kifusi likaonekana juu ya ukuta kama kichwa cha mtu anayechungulia. Mhandisi aliingia akinyanyua miguu kwenye nyasi zilizolowa, viatu vyake ni vya ngozi.

"Shikamoo, Mzee Ndoo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," walisema, bila kusimamisha ndoo.

Alitazama maji. Yalikuwa rangi ya maji ya kuoshea masufuria.

"Mzee wangu. Nisingependa iwe hivi."

"Saa kumi bado," Ndoo alisema.

"Saa kumi bado, kweli." Mhandisi alizunguka mpaka kwenye jiwe moja pana, akalikanyaga kwa ncha ya kiatu. "Alianguka hapa. Wewe ulikuwa sokoni, sikulaumu. Jirani aliniambia alilala dakika arobaini. Uso kwenye nyasi, hatua moja kutoka majini. Angeangukia upande huu, huoni leo tungekuwa tunamzungumzia marehemu? Watu wananiona mimi sina moyo. Mimi nikilala naliona hili jiwe."

Ndoo alisimama na ndoo yake imejaa. Alilifahamu jiwe lile. Alikuwa amelisugua kwa brashi ya chuma kila asubuhi tangu siku ile, hata siku za mvua, mpaka likawa jeupe kuliko mawe yote. Hakusema. Kuna mambo ukiyasema yanakuwa kama unaomba.

"Bosi!" dereva aliita kutoka langoni. "Namwaga au simwagi? Nina safari nyingine!"

"Zima injini, unywe maji!" Mhandisi alijibu. Akamgeukia Ndoo. "Namfuata mama. Tukirudi tutatazama. Atakachosema ndicho hicho, mimi sitaongeza neno." Akasita. "Hawa wanavuta hewa?"

"Wanavuta."

"Baba alikuwa akiwapulizia kwa pampu ya baiskeli," alisema, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akaota. Kisha akaondoka, viatu vikifanya chwa, chwa.

Mapipa mawili yalikuwa yamekwisha. La tatu lilikuwa nusu. Saa tisa samaki wanane walikuwa chini, hawaonekani, na kutoonekana kwao ndiko kulikuwa heri. Wa tisa alikuwa amegeuka. Mkaguzi alikuwa amelala ubavu kabisa juu ya maji, chungwa lake limepauka, shavu likifunguka mara moja, kisha unangoja, unangoja, mara moja tena.

"Huyo amekwenda," mkewe alisema taratibu. "Mwache. Maji yapate hii saa moja iliyobaki yatulie. Wale wanane wamepata nguvu, watastahimili. Nakuomba."

Saa moja. Ndoo aliitazama ile kona ya jikoni, ambako kokoto zile tatu zilikuwa zimeanza tena kuwa na umbo. Wanane wangestahimili. Chini kungeonekana, si chote, lakini pa kutosha kwa mtu anayetaka kuona. Alikuwa ameshinda, kama angekaa tu. Kazi yote iliyobaki ilikuwa kukaa.

Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya jiwe. Mkewe akaweka kiganja mdomoni.

Akaingia bwawani.

Tope la miaka lilipanda kwa hatua ya kwanza tu, likafumuka kama moshi, likameza kokoto, likameza miguu. Akaenda nalo hadi kona ya mawaridi. Akamkusanya Mkaguzi kwa mikono miwili, kama unavyobeba mtoto asiyejua kushika shingo, akamrudisha wima chini ya maji. Akawa anamsukuma mbele, anamzungusha, anamsukuma mbele, ili maji yamwingie mdomoni yatokee mashavuni. Mkewe, bila kuambiwa, alikomba pipa la mwisho na kumimina mbele ya pua ya samaki. Mara nyingine alimmwagia mumewe kichwani, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya kila mara.

"Vuta," Ndoo alisema. "Vuta, bwana mkubwa. Makosa ni yangu, njoo uyaandike. Vuta."

Walizunguka bwawa hivyo, mtu na samaki, sijui mara ngapi. Nje dereva alikuwa amewasha redio. Kiuno kilimuuma Ndoo, kisha kikaacha kuuma, kikafa ganzi. Kisha kitu kikampiga kwenye kifundo cha mkono, pap, kama kofi la mtoto. Mkia. Ukapiga tena. Viganja vyake vikawa vitupu, akasimama katikati ya tope akiwa ameshika umbo la samaki asiyekuwepo.

"Yuko wapi?" mkewe aliuliza.

"Sijui. Amekwenda chini."

"Chini kuzuri au chini kubaya?"

"Sijui, mke wangu. Sioni kitu."

Honi ya gari ikalia langoni.

Hakukuwa na wakati wa kubadili suruali. Ndoo alitoka majini, akasimama akichuruzika, na nyuma yake bwawa lilikuwa likizunguka polepole, kahawia na kijani, kama sufuria iliyokorogwa. Mwalimu alikuja kwa mkono wa mwanawe, amevaa miwani myeusi, amevaa gauni lake la sherehe na saa yake ya dhahabu ya kustaafu. Dereva wa lori alikuwa amewafuata, nafikiri kwa udaku tu, akaegemea mlango wa uani.

"Mwalimu," Ndoo alisema. Sauti ilikwaruza. "Mimi nina neno. Yale ya kwenye simu..."

"Subiri," Mwalimu alisema.

Akavua miwani. Hakutazama bwawa. Alimtazama Ndoo kwanza, na alimtazama kwa muda mrefu, maana ilikuwa miaka miwili tangu auone uso wa mtu kama uso.

"Umezeeka, Ndoo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Macho yake mapya yalishuka. Yaliona malengelenge yaliyopasuka kwenye viganja. Yaliona ndoo mbili, moja kubwa na moja ndogo, mapipa yaliyolazwa ubavu, nyasi zilizolala kwa maji, jiwe lililosuguliwa likawa jeupe. Yaliona mawaridi mawili. Yakapanda hadi ukutani, yakakiona kichwa cha kifusi kikichungulia. Hakuna aliyemharakisha. Hata dereva alijikuta amevua kofia.

Kisha Mwalimu akakaribia ukingo, akainama.

"Haya, mama," Mhandisi alisema. Hakusema kwa ukali. "Tulikubaliana. Unaziona kokoto?"

Maji yalizunguka. Kipande cha ukoga mfu kikapita, kikagota ukingoni, kikageuka.

"Naziona," Mwalimu alisema.

Mke wa Ndoo alivuta pumzi akasahau kuitoa.

"Unaziona?"

"Kwani macho nimetengeneza ya nini? Naziona zote. Nyeupe zile alizookota baba yako mtoni. Na ile nyekundu."

"Nyekundu ipi, mama?"

"Nyekundu, moja, iko peke yake. Wewe unavaa miwani, huwezi kuiona."

"Iko wapi?"

"Hii hapa," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ile ya ubaoni, isiyotaka swali la pili. Akapiga goti kwenye jiwe jeupe, akapandisha mkono wa gauni, na ili aonyeshe vizuri akautia mkono majini.

Vidole vikaingia, vikapotea. Kiganja kikapotea. Saa ya dhahabu ikapotea. Mkono wa Mwalimu ukawa umekatika pale maji yalipoanzia, laini, kama umekatwa kwa mkasi, na watu wanne wakapatazama hapo hapo.

Ndoo alitazama nyasi.

Mhandisi akachuchumaa kando ya mama yake. Viatu vyake vya ngozi vilizama kwenye tope, hakuviangalia.

"Mama," alisema taratibu, "vidole vyako viko wapi?"

Mwalimu hakuutoa mkono. Kule chini, mahali ambapo hakuna aliyepaona, mdomo mkubwa ulimgusa kiganja, ukaondoka, ukarudi.